Chupa Sandukuni: Mwongozo wa Msafiri wa Nakawa Mbele ya Afisa wa Forodha

Nakawa ina haki ya kuandikiwa mwongozo huu kuliko sehemu nyingine yoyote ya Kampala. Anzia Port Bell, ufukweni mwa Ziwa Viktoria, ambako Uganda Breweries imekuwa ikipika bia tangu 1946. Panda na barabara, pita Luzira na Bugolobi mpaka utokee Barabara ya Jinja. Bado hujatoka tarafa ya Nakawa, na hapo karibu limesimama jengo la ghorofa 22 la Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, lililofunguliwa 2019. Kule chini kinywaji kinatengenezwa, huku juu kinahesabiwa na kutozwa kodi. Hata Uganda Waragi, iliyoingia sokoni 1965, ni mzaliwa wa Luzira. Basi mtu wa Nakawa akifungasha chupa kwenda nayo likizo ughaibuni, amebeba jasho la jirani mmoja na kazi ya jirani wa pili.

Jirani wa kwanza anapendwa. Wa pili anaogopwa, na woga huo ndio unaowaponza watu. Wapo wasafiri wanaolala fofofo ndege ikitikisika angani, kisha wakatokwa jasho mbele ya meza ya forodha kwa ajili ya chupa mbili ambazo wangezitaja tu wakaenda zao. Wengine hufikia kudanganya bila sababu: kiasi walichobeba kinaruhusiwa, lakini hawajui kama kinaruhusiwa, basi wanaficha kilicho halali yao.

Kanuni ni moja, na hatua zote zinazofuata ni matawi yake: taja chupa kabla hujaulizwa. Afisa wa forodha ni mtu mwenye orodha na zamu ya kumaliza. Chupa iliyotajwa kwake ni hesabu. Chupa iliyofichwa ni kesi.

Hatua ya 1: Chagua kinywaji kinachojua kusafiri

Si kila kinywaji kitamu kina adabu ya safari. Chukua tonto. Ni pombe ya ndizi yenye heshima zake, na ukoo ukikutana kijijini hakuna anayeuliza kwa nini ipo. Lakini siku unayoichukua huwa haijamaliza kuchacha. Ukiitia katika chupa ya soda ukakaza kizibo, itaendelea kutoa gesi ndani ya sanduku usiku kucha, na saa ya kupasuka itaichagua yenyewe. Suti uliyoishonesha kwa ajili ya harusi ya mdogo wako itafika London ikinuka togwa la migombani. Kunywa tonto kwa mjomba kabla ya safari, mshukuru, na iliyobaki mwachie mjomba.

Enguli, yaani waragi ya kienyeji inayopikwa kwa mapipa, ina tatizo kubwa zaidi. Hakuna anayejua nguvu yake, na mara nyingine hakuna anayejua kilichomo. Mwaka 2010 watu makumi kadhaa walikufa Kabale na wilaya za jirani baada ya kunywa waragi iliyochanganywa na methanoli. Afisa wa forodha wa nchi yoyote akikuta kidumu cha majimaji meupe kisicho na lebo hataulizia ladha. Atakihesabu kuwa kemikali asiyoijua, na atakuwa na haki.

Kwa hiyo beba chupa ya kiwandani, yenye lebo, ambayo kizibo chake hakijavunjwa. Itazame shingoni: tangu Novemba 2019 vileo vinavyouzwa Uganda vinatakiwa kuwa na stempu ya kodi ya kidijitali. Chupa yenye stempu hiyo imeshaingia katika hesabu za URA, nawe unaweza kuisimamia mbele ya yeyote.

Kisha soma asilimia ya kileo. Kanuni za usalama wa anga zina mafungu matatu. Kinywaji cha asilimia 24 kushuka chini, kama bia na mvinyo wa kawaida, hakina kikomo kwa upande wa usalama. Kinachozidi 24 mpaka 70 kinaruhusiwa hadi lita 5 kwa abiria, kikiwa katika chupa yake ya dukani. Kinachozidi 70 hakipandi ndege ya abiria kwa namna yoyote. Uganda Waragi, yenye asilimia 40 hivi, iko fungu la kati. Na hapa ndipo wengi wanapojikwaa: lita 5 ni ruhusa ya ndege, si ruhusa ya forodha. Shirika la ndege linajali moto. Forodha inajali ushuru. Kila mmoja ana orodha yake, nawe unapaswa kuzijua zote mbili.

Hatua ya 2: Soma sheria ya kule unakotua

Chupa moja inaweza kuwa zawadi nzuri katika nchi moja na kuwa jinai katika nchi ya jirani yake. Usiulize rafiki aliyesafiri zamani. Fungua tovuti ya forodha ya nchi unayokwenda wiki moja kabla ya safari, kwa sababu viwango hubadilika.

Uingereza ina mkono mpana. Tangu 2021, mgeni mwenye umri wa miaka 17 au zaidi anaruhusiwa lita 4 za kileo kikali kinachozidi asilimia 22, pamoja na lita 18 za mvinyo na lita 42 za bia, bila ushuru. Lakini kuna mtego. Ukizidisha katika fungu moja, unatozwa kwa fungu zima, si kwa ile ziada peke yake. Mwenye chupa tano za lita moja moja za waragi atalipia zote tano. Chupa ya tano imewavuta wenzake wanne mahakamani. Iache nyumbani.

Nchi za Umoja wa Ulaya zinamruhusu atokaye nje lita 1 ya kileo kikali, lita 4 za mvinyo na lita 16 za bia. Marekani ni lita 1 tu bila ushuru, na msafiri lazima awe ametimiza miaka 21. Kijana wa miaka 19 anayekunywa bia yake Kampala bila kuvunja sheria asimwambie afisa wa New York kwamba kwao ameshakuwa mtu mzima. Amekuwa, lakini kwao.

Dubai, ambako watu wa Kampala hupanda ndege kwenda kununua simu, nguo na vipuri, inamruhusu mtu mzima asiye Mwislamu lita 4 za kileo au katoni mbili za bia. Tazama tiketi yako vizuri, hata hivyo. Ukitua Sharjah, mwendo mfupi tu wa gari kutoka Dubai, umeingia katika himaya ambayo pombe imepigwa marufuku. Nchi ni ile ile, sarafu ni ile ile, na chupa iliyokuwa halali haina pa kukanyaga.

Saudia na Kuwait ruhusa ni sifuri. Qatar nayo haimruhusu abiria kuingiza kileo chochote. Mizigo hupitishwa kwenye mashine unapofika. Naandika haya nikiwafikiria hasa dada na kaka zetu wanaokwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani, ulinzi na udereva. Watu hawa wameuza shamba au wamekopa ili wapate nauli. Kwao chupa moja iliyosahaulika katika mkoba inaweza kumaanisha mahabusu, kurudishwa nyumbani na deni lisilolipika. Kabla ya kufunga sanduku la Riyadh, lifunue lote, mfuko kwa mfuko, hata ile mifuko ya pembeni ambayo huitumii. Kichupa kidogo cha zawadi ulichopewa kwenye sherehe ya kuagwa kitoe, kimwachie aliyekupa.

Hatua ya 3: Lifunge sanduku kwa subira

Chupa ya kioo ya mililita 750 ikijaa ina uzito wa zaidi ya kilo moja. Mwenye ruhusa ya kilo 23 akibeba chupa nne ameshatumia karibu kilo tano, na bado hajaweka samaki mkavu, unga wa karanga wala vazi la gomesi la shangazi. Pima nyumbani. Kufungua sanduku sakafuni Entebbe huku foleni nzima inatazama soksi zako si mwanzo mwema wa likizo.

Kufunga kwenyewe kuna utaratibu. Zungushia kizibo utepe wa gundi mara tatu, kwa kukaza. Tia chupa ndani ya kaveera, yaani mfuko wa plastiki, itoe hewa, funga fundo. Kisha itie katika kaveera ya pili, kichwa chini. Chukua suruali ya jinzi, ingiza chupa katika mguu mmoja mpaka gotini, halafu uviringishe suruali yote kuizunguka. Weka katikati ya sanduku, nguo laini zikiwa chini, juu na kila upande, na viatu mbali nayo kabisa. Mahali pabaya kuliko pote ni pembeni, karibu na magurudumu, maana sanduku hutupwa kwa upande huo. Ukimaliza, litikise. Ukisikia kitu kinagonga, fungua uanze upya.

Usiiweke chupa chini ya nguo za ndani kwa kudhani afisa ataona haya. Mashine ya eksirei haina haya. Chupa inaonekana pale umbo zima, shingo na kitako. Iweke mahali ambapo ukiambiwa "fungua" utaitoa kwa mkono mmoja bila kuwaonyesha watu kabati lako lote.

Katika mkoba wa mkononi, sahau. Katika viwanja vingi kimiminika kinachozidi mililita 100 hakipiti ukaguzi wa usalama, kiwe waragi au kiwe maji ya Zamzam. Ukibishana utachelewa ndege, na chupa utaiacha vilevile.

Hatua ya 4: Mfuko wa duka la uwanjani usiufungue

Ukinunua chupa katika duka lisilotozwa ushuru baada ya kupita ukaguzi, inatiwa kwenye mfuko maalumu wa plastiki uliofungwa, risiti ikionekana ndani. Mfuko huo ni pasi ya kusafiria ya chupa. Ukiwa na ndege ya kuunganisha Addis Ababa, Nairobi au Dubai, usiufungue hata kama mwenzako wa kiti cha jirani ni mcheshi na anakuomba mwonje kidogo. Mfuko ukichanika, ukaguzi wa uwanja unaofuata utaichukua chupa, na hakuna wa kumlilia. Ukielekea Marekani, kumbuka kwamba mizigo unaichukua mwenyewe katika uwanja wa kwanza unaotua. Chupa ihamishie ndani ya sanduku kubwa hapo hapo kabla ya kuendelea na ndege ya ndani.

Jambo la pili ndilo kubwa. Maneno "bila ushuru" mlangoni mwa duka la Dubai maana yake ni bila ushuru wa Dubai. Hayasemi lolote juu ya Entebbe. Mtu ananunua chupa sita pale kwa furaha, anamwonyesha afisa wa Uganda mfuko ulioandikwa hivyo, na anashangaa kwamba maandishi hayo hayasaidii kitu. Mwenye duka hana mamlaka ya kukusamehe deni la serikali yako.

Hatua ya 5: Wasafiri watano usiowaiga

Wa kwanza ni Bwana Chupa ya Maji. Ameona waragi ni nyeupe, maji ni meupe, basi amemimina moja ndani ya chupa ya nyingine. Amevunja kanuni ya chupa ya dukani, amejitengenezea uongo usio na haja, na jambo baya kuliko yote, ameacha kileo kikali katika chupa ambayo mtoto mwenye kiu ataipiga fundo kubwa. Hili si la mzaha. Usilifanye kamwe.

Wa pili ni Mama Gawanya. Ana chupa nne na watoto watatu, basi kila mkoba wa shule umepata chupa yake. Msamaha wa kileo ni wa mtu aliyetimiza umri. Mtoto hana fungu, na mtoto akiulizwa atasema kweli mbele ya watu wote, tena kwa sauti kubwa.

Wa tatu ni Shemeji Zawadi. Akiulizwa, anasimulia: hii ni ya mkwe, hii ya padri, hizi mbili ni za sherehe ya kwanjula ya Jumamosi. Yote yanaweza kuwa kweli. Forodha inahesabu lita, na mapenzi yako kwa mkwe hayapunguzi hata mililita moja. Fupisha hadithi, taja idadi.

Wa nne ni Mheshimiwa Namjua. Amekwisha kumtaja waziri, jenerali na mkurugenzi kabla hajavua miwani. Kwa kufanya hivyo amemweka afisa mdogo katika shida: akimpitisha, wenzake watasema amehongwa, akimzuia, anaogopa simu. Mara nyingi afisa huchagua kufungua masanduku yote, polepole, kwa kufuata kitabu, na hakuna wa kumlaumu.

Wa tano ni Mwema Asiyeuliza. Ukumbini mtu asiyemfahamu amemwomba amsaidie kifurushi kidogo tu, kuna ndugu atakipokea kule. Wako watu wasiokunywa kabisa, wacha Mungu, waliojikuta wakieleza chupa isiyo yao katika lugha wasiyoijua. Mwombaji akiwa ndugu wa damu, mwambie: "Kaka, fungua nione, kisha nifunge kwa mkono wangu." Akikasirika, jibu umeshalipata. Akiwa mgeni, kataa kwa upole na usogee mbele.

Hatua ya 6: Fanya hesabu ya kurudi kabla ya kununua

Kurudi ndiko kunakowapata wengi, kwa sababu moyo umeshafika nyumbani. Uganda, sawa na majirani zake kadhaa, inafuata Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004. Sheria hiyo hiyo ndiyo inayosomwa Malaba, Namanga, Mombasa na Dar es Salaam. Inampa msafiri aliyetimiza miaka 18 msamaha wa lita 1 ya kileo kikali, au lita 2 za mvinyo. Orodha hiyo haitaji bia. Inataja pia tumbaku isiyozidi gramu 250, na manukato yasiyozidi nusu lita kwa jumla.

Zigeuze lita hizo ziwe chupa. Chupa moja ya wiski ya lita 1 imejaza fungu lako kamili. Chupa mbili za mililita 750 ni lita moja na nusu, umezidi. Chupa mbili za mvinyo ni lita moja na nusu, uko salama. Ya tatu inakutoa nje. Na neno "au" lina nguvu yake: usichukue lita ya wiski na lita mbili za mvinyo pamoja ukadhani yote ni halali yako. Mume na mke wana mafungu mawili, kila mmoja lake. Fanya hesabu hii ukiwa bado dukani, mkono ukiwa kwenye rafu. Ukishafika Entebbe umechelewa.

Kuzidisha si dhambi. Ni kununua kitu chenye gharama ya ziada. Juu ya ziada kuna ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 18, na kimoja huhesabiwa juu ya kingine. Ukijumlisha, mara nyingi utaona wiski ya bei nafuu ya ughaibuni imekuwa ghali kuliko ile ile iliyoko kwenye duka kubwa la Bugolobi, ambayo haikuhitaji kufungwa ndani ya suruali.

Hatua ya 7: Maneno ya kusema mezani

Unapotoka kuchukua mizigo, njia ni mbili: ya asiye na cha kutangaza, na ya mwenye nacho. Kupita njia ya asiye nacho ni tamko tosha hata kama hukufungua mdomo. Umezidisha au huna hakika? Shika njia ya wenye kutangaza. Simama wima, salimia, na uanze wewe.

"Habari za kazi, ssebo. Nina chupa tatu za kileo. Ruhusa yangu ni lita moja, najua nimezidi. Risiti hizi hapa."

"Karibu nyumbani, nnyabo. Zote ni zako mwenyewe?"

"Zangu zote. Tuna harusi mwezi ujao."

"Fungua nizione. Hii ya lita moja nenda nayo. Hizi mbili tuzifanyie hesabu."

Mazungumzo yameisha kabla foleni haijaguna. Tazama alichofanya huyu mama. Ametoa idadi kabla ya kuulizwa. Ameitaja sheria bila kumfundisha afisa kazi yake. Amekuja na risiti, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kukisia bei, na bei ya kukisiwa huwa haimwelekei msafiri. Harusi ameitaja alipoulizwa, kwa maneno manne, bila kuomba huruma.

Sasa mgeuze. Mama yule yule angesema "sina kitu" na chupa zikaonekana kwenye mashine, sheria haingezungumzia tena ushuru wa chupa mbili. Ingezungumzia tamko la uongo, ambalo chini ya sheria hiyo ya Jumuiya lina adhabu ya kifungo kisichozidi miaka mitatu au faini isiyozidi dola 10,000. Na chupa angezipoteza pia. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nao hawakuwahi kuiona meza ya forodha.

Hatua ya 8: Lipa kwenye mfumo, usilipe mkononi

Afisa akikadiria, omba namba ya malipo. Utalipa benki au kwa simu, utapata risiti, utaondoka na chupa zako. Huna fedha za kutosha? Sema hivyo. Chupa inaweza kubaki forodhani nawe ukapewa karatasi, ukarudi kulipia. Usichelewe, kwani bidhaa zisizolipiwa huishia ghalani, na kutoka ghalani huishia mnadani, ambako mtu mwingine atainunua wiski ya harusi yako.

Huoni haki katika hesabu? Usipige kelele. Sheria inakupa siku 30 kuomba Kamishna auangalie upya uamuzi, na yeye naye amepewa siku 30 za kukujibu. Ukiwa bado hujaridhika, Uganda ina Baraza la Rufaa za Kodi. Kwa chupa mbili huenda usifike huko, lakini mtu anayejua kwamba mlango upo huongea kwa utulivu.

Kuna jambo moja ambalo halina njia ya kulipamba. Usitie noti ndani ya pasipoti. Usiseme "tusaidiane". Usiulize "tunamalizaje?" Uganda imelipa bei kubwa kwa maneno hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilibidi iundwe tume chini ya Jaji Julia Sebutinde kuchunguza rushwa ndani ya mamlaka ya mapato, na Allen Kagina alipopewa uongozi 2004, wafanyakazi walitakiwa kuomba kazi zao upya. Nyumba ilifagiliwa kwa gharama ya umma. Msafiri anayemsukumia afisa kijana noti ya elfu hamsini kwa ajili ya wiski anairudisha takataka ndani, kisha jioni analalamika kwamba serikali imejaa wezi. Na ikiwa ni afisa anayedai, sema kwa sauti ya kawaida, "Naomba namba ya malipo, ssebo," na urudie maneno hayo hayo mpaka uipate. Ni maneno mepesi, na ni vigumu sana kuyapinga mbele ya watu.

Wapo watakaosema nimeikuza chupa kupita kiasi. Sikubali. Kwa raia wengi hiyo meza ya forodha ndiyo mahali pekee wanapokutana na kodi uso kwa uso, jina kwa jina, kiasi kwa kiasi. Kodi nyingine zote zimefichwa ndani ya bei ya sukari na muda wa maongezi. Hapa unaombwa kusema kweli mwenyewe, kwa hiari, na ukisema unapewa karatasi yenye jina lako.

Itunze karatasi hiyo. Usiitupe pamoja na tiketi ya ndege. Siku mbunge atakapopita Nakawa kuomba kura, itoe, mwonyeshe kiasi ulichochangia kwa chupa mbili tu, kisha muulize mitaro ya Kinawataka itazibuliwa lini. Aliyepita kwa kujificha hana mdomo wa kuuliza swali hilo. Wewe unao, na risiti unayo.